Vipandio Kumi na Tisa vya Bi Rukiya

Nimestaafu. Najua mtacheka, maana nina miaka kumi na minane, lakini sina neno jingine. Kwa miaka miwili na ushei nilikuwa msaidizi wa darasa la mazoezi ya kina mama wazee, kila Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa chini wa nyumba moja ya Mji wa Kale, hatua chache kutoka Makadara. Sasa nimemaliza kidato cha nne, naenda chuo, na nyinyi watatu wa kidato cha pili ndio mnaoshika nafasi yangu. Mwalimu Amina ameniambia niwaandikie. Akasema, "Waandikie ulipokosea. Ulipopatia watajionea wenyewe." Basi nimetoa shajara zangu chini ya godoro, na haya ndiyo niliyoyachota humo. Sikufuata tarehe, kwa sababu makosa yenyewe hayakuja kwa mpango.

Mmoja wenu, sitamtaja, aliniuliza kama kazi hii yataka mtu mwenye sauti. Mimi ni mtu ambaye nikitumwa dukani husimama pembeni mpaka mwenye duka anione mwenyewe, na wakija watu wanne baada yangu wakahudumiwa, nangoja. Siku ya kwanza nilipelekwa na mamangu kupanga viti tu. Nilipomaliza nikajibanza nyuma ya pazia la mlango. Mwalimu Amina, ambaye alifanya kazi ya kunyoosha viungo vya wagonjwa hospitalini miaka mingi na yeye akastaafu kwa kweli, si kustaafu kama kwangu, akanipa filimbi na kuniambia nihesabu mpaka kumi watu wakinyanyua mikono. Nikahesabu. Hakuna aliyesikia. Bi Swafiya, ambaye mtamjua kwa sababu hanyamazi, akageuka akauliza, "Mwalimu wetu yuwapi? Au leo twasomeshwa na pazia?"

Jina likaninata. Mpaka leo tukikutana njiani huniamkia, "Sabalkheri, Pazia."

Filimbi sikuipuliza hata siku moja. Nilichofanya ni kusimama nyuma ya darasa, kwa sababu nyuma hakuna anayekutazama. Baadaye Mwalimu Amina aliniambia hapo ndipo mahali pazuri kuliko pote, nami nikaelewa kwa nini. Mtu mzima akitaka kuyumba, uso wake hausemi kitu. Uso watabasamu. Kinachosema ni kisigino. Kisigino kikianza kucheza, kikainuka kidogo na kurudi, una muda wa kuvuta pumzi moja kabla hajapepesuka. Basi simameni nyuma, mtazame visigino, na waambieni wavue ndara. Ndara zimetuangushia watu wengi kuliko uzee.

Jambo jingine ni salamu. Mkiwauliza hali, watajibu njema, alhamdulillahi, hata kama goti limevimba kama boga. Wamelelewa hivyo, na si uongo, ni adabu. Mwalimu Amina haulizi hali mara moja tu. Akishamaliza salamu zote, za watoto, za wajukuu, za aliyesafiri, ndipo auliza kwa upole, "Umelala upande gani jana?" Hapo ndipo mambo hutoka. Atakwambia amelala upande wa kushoto kwa sababu wa kulia nyonga yamuuma, na kwamba alikaa kitandani mpaka jua likachomoza akingoja mguu uamke. Swali hilo nimelitumia mara nyingi, na watu hudhani mimi ni mwerevu.

Sasa viwango. Mtaambiwa muwagawe watu kwa uwezo wao, na ni lazima, maana zoezi la mtu mwenye nguvu laweza kumuumiza asiye nazo, na zoezi jepesi halimfaidi mwenye nguvu kitu. Mara ya kwanza niliandika ubaoni kwa chaki: Dhaifu, Wastani, Imara. Majina chini yake. Mbele ya watu wote. Wale niliowaandika Dhaifu hawakugombana nami. Walivaa mabuibui yao polepole, wakaniaga vizuri, wakaniombea dua nifaulu masomo, na Jumamosi iliyofuata hawakuja. Mwalimu Amina alizunguka nyumba kwa nyumba kuwaomba radhi. Bi Swafiya ndiye aliyetoa suluhisho, kwamba tuite viwango kwa majina ya chai. Wa kuanzia ni mkandaa, ile chai isiyo na maziwa, kisha maziwa, kisha tangawizi. Hakuna aonaye haya kuitwa mkandaa. Lakini kila mmoja ataka siku moja afike tangawizi.

Tuliwahi kuwapeleka Mama Ngina, kule kando ya bahari, kuwapima kutembea, wale wa maziwa na tangawizi. Mwalimu alichora mwanzo na mwisho. Katikati palikuwa na muuza mihogo ya kukaanga. Niseme tu kwamba kipimo hakikukamilika, na kwamba mihogo ile ilikuwa mizuri.

Nimefika kwa Bi Rukiya, nami nimekuwa nikizunguka nisimfikie, kwa sababu kosa lile ndilo kubwa.

Bi Rukiya alikuwa akikaa peke yake ghorofani, ngazi moja juu, chini ni ghala la mtu. Ngazi yenyewe ina vipandio kumi na tisa, vimesimama wima kama vile nyumba zetu zilivyo, na ina kona katikati. Hakuna pa kushika ila ukuta. Tangu augue hakuwa ameshuka kwa miezi minane. Aliishi dirishani. Mtaa mzima ulimjua kwa uso na sauti, na watoto walidhani hana miguu. Mwanawe, Bwana Athmani, ana nyumba Nyali, ya chini, haina ngazi hata moja. Alikuwa amemwambia mamake kwamba Idi ikipita, kama hawezi kushuka na kupanda peke yake, atamhamisha. Msimwone Bwana Athmani mbaya. Alikuwa akiogopa kupigiwa simu siku moja aambiwe mamake amekutwa chini ya ngazi. Lakini Bi Rukiya aliingia nyumba ile bibi arusi, na Athmani huyo huyo alizaliwa katika chumba cha nyuma. Aliniambia, "Nyali nitakuwa kama mtungi. Nitawekwa kivulini, nitafunikwa vizuri, na hakuna atakayeniuliza neno."

Ilikuwa mwezi wa Rajabu. Shule zimefungwa, na Mwalimu alinituma nipime watu majumbani. Kipimo ni rahisi: mtu akae kitini, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa, asimame na kukaa, kwa nusu dakika, nawe uhesabu. Nilikwenda na simu ya mamangu kwa ajili ya saa. Bi Rukiya alisimama mara kumi na tano. Kumi na tano ni nyingi hata kwa mtu aliye mdogo kwake kwa miaka ishirini. Nilifurahi mpaka nikasahau haya zangu. Nikaandika jina lake kwenye tangawizi, yeye akampigia mwanawe papo hapo. Nilimsikia akisema, "Nimepimwa, Athmani. Na mwalimu wa watu. Mie ni tangawizi." Bwana Athmani hakujua tangawizi ni nini, akaelezwa kwa urefu.

Jumamosi nikaenda kumchukua aje darasani.

Vipandio vya juu alishuka vizuri, mkono ukutani. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika buibui lake. Tieni akilini makosa mawili hapo. Anayesaidia mtu kushuka hukaa mbele yake, upande wa chini, si nyuma. Na nguo haimzuii mtu kuanguka, huchanika tu. Alipofika kwenye kona akasimama. Magoti yakaanza kutetemeka, nikaona paja likitikisika chini ya nguo. Akasema kwa sauti ndogo, "Mguu wanikataa."

Nilitaka kupiga kelele. Mara moja maishani nilikuwa na sauti, na nilikuwa nimeshafungua kinywa niwaite wanaume wanaokunywa kahawa nde, mlangoni. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Usiite mtu. Ukiita, Athmani atajua kabla ya adhuhuri."

"Sasa tufanyeje, Bi?"

"Tukae. Kwani hiki si kiti?"

Tukakaa kwenye kipandio. Tulikaa mpaka mtetemo ukapoa. Kisha akapanda kwa makalio, kinyumenyume, akisukuma kwa mikono, kipandio kimoja kwa kimoja, nami chini yake nikimwekea miguu. Tulipofika juu adhana ya adhuhuri ilikuwa yaanza. Yeye akacheka mpaka akajifuta machozi. Mimi niliingia chooni kwake nikalia, nikafungua bomba ili asisikie. Alisikia.

Nilimwambia Mwalimu Amina kila kitu, pamoja na choo. Hakunikemea. Alivaa viatu tukaenda kwa Bi Rukiya wote wawili, akaamkia, akauliza habari za waliosafiri, kisha akaomba aonyeshwe kiti tulichopimia. Ni kile kiti chake cha zamani, cha mbao nyeusi, kirefu, juu yake kuna mito miwili minene. Mwalimu Amina ni mfupi. Alipokaa juu yake miguu ikaning'inia kama ya mtoto wa chekechea. Akanitazama akiwa huko juu.

"Ulipima kiti, Maimuna. Bi Rukiya bado hujampima."

Mtu akikaa juu kiasi kile, kusimama si kusimama, ni kushuka. Nikakimbia ukumbini nikaleta kiti cha plastiki. Bi Rukiya akasimama mara tatu, na ya tatu kwa kusukuma mapaja kwa viganja. Baada ya hapo tukarudia kupima darasa zima, kwa sababu niliwapima wengine juu ya makochi yao, mengine yamebonyea, na kuna mama niliyemwandika mkandaa kumbe alikuwa akipigana na kochi. Kiti ni kimoja, kinakwenda na wewe. Kama hamtakumbuka jingine lolote, hilo mlikumbuke.

Bi Rukiya akasema, "Basi mie si tangawizi."

"Si tangawizi, Bi," Mwalimu akasema. "Mkandaa."

"Na Athmani nishamwambia."

"Idi bado, Bi."

Hapo ndipo Mwalimu Amina alisema neno ambalo sikulitegemea kwa mtu wa kazi yake. Alisema alipokuwa kijana hospitalini, mzee mwenye goti bovu walimwambia alale, apumzike, asijisumbue na ngazi. Walimwambia kwa huruma. Na walikuwa wakimmaliza, kwa sababu paja lisilotumika huyeyuka. Sasa wanafanya kinyume, polepole, kwa kiasi. "Tuliwalaza watu ambao walikuwa bado wana mwendo," alisema.

Basi tukaanza na kile kile kiti kirefu. Wiki ya kwanza asimame na mito yote miwili, asubuhi na baada ya alasiri. Alipozoea, tukatoa mto mmoja. Alipozoea, tukatoa wa pili. Aliulilia ule wa pili kama nimemnyang'anya mtoto. Kisha tukahamia kiti cha plastiki. Halafu ngazi, tukianza na vipandio vya juu karibu na mlango wake: vitatu kushuka, vitatu kupanda. Kupanda, mguu wenye nguvu hutangulia. Kushuka, hutangulia mguu mbovu. Alikuwa akikosea, nami nilikuwa naogopa kumsahihisha mtu mzima, basi nikawa nagusa tu goti linalotakiwa. Yeye ndiye aliyeniambia, "Sema, mwanangu. Mie si polisi." Nikasema. Ni huko ngazini nilipojifunza kusema, si darasani.

Kuna jambo sikumwambia mtu isipokuwa shajara. Jioni moja katika Shaabani nilitumwa mahamri Makadara nikakutana na Bwana Athmani. Akaniuliza, bila mzaha, "Maimuna, nambie kweli. Mamangu yuaweza ngazi?" Nilitazama viatu vyake nikasema, "Yuaweza." Alikuwa akiweza vipandio vitano. Sikulala vizuri. Kesho yake nikamwungamia Bi Rukiya, nikidhani atanifukuza. Alivua miwani akaifuta kwa ukaya wake wa kichwani.

"Umeshanisemea," akasema. "Haya. Kesho uje mapema."

Ramadhani ilitupunguza kasi. Mwalimu alikataza ngazi mchana wa saumu, akaruhusu kusimama kwa mguu mmoja huku ameshika meza, na kunyanyua visigino. Bi Rukiya alimkubalia kwa mdomo. Siku moja nikamkuta peke yake kipandio cha saba, kichwa kinamzunguka, ameegemea ukuta. Nikamkasirikia. Mimi, nikamkasirikia mtu wa umri wa nyanyangu, nikamwambia akianguka hataanguka peke yake, ataangusha darasa zima. Alikubali kurudi juu. Siku tatu hakunisemesha, ya nne akaniwekea sambusa.

Siku ya sita ya Mfungo Mosi, Idi imeshapita, Bwana Athmani akaja. Hakuja peke yake. Alikuwa na wachukuzi wawili wenye kamba, wa kubebea kitanda cha mamake, kile cha miguu mirefu. Kwa hivyo mtaona kwamba alikuwa ameshaamua. Nde, kwenye baraza ya ng'ambo ya njia, Bi Swafiya alikuwa amekaa na nusu ya darasa letu. Walisema wanapunga upepo. Hakukuwa na upepo.

Nilipanda nimtangulie Bi Rukiya kama tulivyozoea, mimi chini yake. Akakataa. Akanambia nishuke nikangoje nde na wenzangu, kwa sababu nikiwa mbele Athmani atasema alibebwa. Nikashuka. Nilisimama mlangoni nikasikiliza. Kiganja ukutani, mguu, mguu. Kiganja, mguu, mguu. Nilihesabu moyoni mpaka tisa, kisha pakawa kimya. Ilikuwa ile ile kona.

Bwana Athmani akapiga hatua kuelekea mlangoni. Sijui nilipata wapi ujasiri, nikamzuia kwa mkono. Bi Swafiya akasema kutoka barazani, "Mwache, Athmani. Yuapumua."

Kiganja kikasikika tena.

Alitoka akiwa amevaa buibui jipya la Idi, akafumba macho kwa jua. Akaamkia wachukuzi, akawauliza kwao ni wapi. Hakumtazama mwanawe. Alivuka njia akakaa barazani, akaomba kahawa, akauliza habari za kila nyumba moja moja, na ni nani aliyepaka rangi ule mlango wa kijani. Karibu miezi kumi na mmoja hakuwa ameuona kwa chini. Tulimngoja. Alipomaliza kikombe, akawaambia wachukuzi kwamba madhali wameshakuja na kamba zao, kuna kabati lake la nguo ataka litolewe chumba cha mbele lihamishiwe cha nyuma, maana lamzibia dirisha.

Kisha akainuka kutoka barazani, mikono kifuani, bila kusukuma kitu, na baraza ile ni fupi kuliko kiti cha plastiki. Bi Swafiya alinipiga kisukusuku cha ubavuni.

Alipanda yeye mbele, Bwana Athmani nyuma yake, mimi wa mwisho. Bwana Athmani ni mtu wa gari na ofisi. Kwenye kona ni yeye aliyesimama, mkono kiunoni, akihema, na mamake alikuwa ameshafika mlangoni akivua viatu. Nilisimama nyuma yake nikitazama visigino vyake kwa mazoea. Chini wachukuzi walipaza sauti wakauliza, waanze na kitanda au na kabati.

"Kabati," Bwana Athmani akasema.

Hakutaja Nyali. Alipopata pumzi aligeukia ukuta akaanza kuupima kwa shubiri, kutoka kwenye kona kwenda juu, akihesabu kimya kimya. Akaniuliza ni seremala gani wa hapa karibu mwenye kazi safi, wa kuweka ubao mrefu wa kushikia, toka juu mpaka mlango wa nde. Nikamtajia. Kwa sauti, akasikia mara moja.

Kisha akainua uso. "Mama, wautaka upande gani?"

"Wa kushoto, nikishuka," Bi Rukiya akajibu kutoka ndani. "Wa kulia nitakuwa na kikapu cha sokoni."